Banda ni mradi, kufuga kuku si mradi

Mtaani tukisema “nina mradi wa kuku” tunamaanisha biashara ya ufugaji. Katika usimamizi wa miradi, maana hiyo itakupoteza. Huko mradi ni kazi ya muda: una mwanzo, una mwisho, na unaacha kitu ambacho hakikuwepo. Kujenga banda, kutandaza maranda na kuingiza vifaranga wa kwanza, huo ni mradi. Kuwalisha kila alfajiri na kuuza trei za mayai ni uendeshaji. Vivyo hivyo, kujenga reli ya SGR ya Mombasa hadi Nairobi kulikuwa mradi. Kusafirisha abiria tangu 2017 ni uendeshaji. Ukichanganya bajeti ya mradi na ya uendeshaji, banda litameza pesa za chakula cha kuku. Nimeona mabanda mazuri, yameezekwa vizuri kabisa, yakibaki matupu kwa sababu hiyo.