Faragha ya mzabuni: siri inayodumu hata mnada ukiisha

Ikitajwa siri ya zabuni, wengi hufikiria bahasha iliyofungwa. Bahasha inamzuia mshindani asijue bei yako kabla ya muda kwisha, lakini anayeifungua anaona kila kitu. Faragha ya mzabuni, kwa maana wanayoitumia wataalamu wa usimbaji fiche (elimu ya kuficha taarifa kwa hesabu), inadai makubwa zaidi: matokeo yapatikane bila mtu yeyote kuliona dau lako, hata mwendesha mnada.

Kwa nini umfiche mwendesha mnada? Tazama Denmark. Wakulima wa viazi sukari, aina ya bitiruti inayokamuliwa sukari, walikuwa na mnunuzi mmoja tu, kampuni ya Danisco. Umoja wa Ulaya ulipopunguza msaada wake kwa sukari, ikabidi mikataba ya kulima ihamie kwa wenye mashamba yanayolipa. Njia ikawa mnada. Sasa, mkulima anayekubali kuachia mkataba wake kwa bei ya chini ameshakiri kwamba shamba halimlipi. Danisco ikilijua hilo, siku ya kujadili bei itajua pa kumbana. Chama cha wakulima nacho hakingekubalika na Danisco kuendesha mnada peke yake, kwa kuwa mikataba hiyo ndiyo ilikuwa dhamana ya madeni ya wakulima kwa Danisco.

Mnada ukafanyika Januari 2008, wakulima wapatao 1,200 wakashiriki. Kila dau lilikatwa vipande vitatu kabla ya kutumwa: kimoja kwa Danisco, kimoja kwa chama, kimoja kwa watafiti.

Ukataji wenyewe, kwa namna iliyorahisishwa, ni huu. Unataka tani 50. Kompyuta yako inaokota namba mbili ovyo, 812 na 377, kisha inatafuta ya tatu, 861. Jumla ni 2,050. Ukitupa maelfu inabaki 50. Aliyeshika 861 hajui lolote, maana namba hiyo ingeweza kutoka kwenye dau lolote lile. Kila seva, yaani kompyuta ya kila mmoja wa wale watatu, inajumlisha vipande ilivyopokea kwa wakulima wote, na jumla tatu zikikutanishwa na maelfu yakatupwa zinatoa jumla ya kweli ya tani zinazotakiwa, mradi jumla hiyo isifike elfu; ikizidi, hutumika namba kubwa zaidi. Hakuna dau la mtu lililofunguliwa. Kulinganisha mahitaji na kinachouzwa katika kila bei ni kazi ngumu zaidi, seva zinalazimika kuulizana na kujibizana kwa vipande hivyo hivyo, na pale Denmark hesabu ilichukua kama nusu saa.

Katika mfano wangu rahisi lazima vipande vyote vitatu vikutane, lakini kwa ukataji uliotumika Denmark, wawili kati ya watatu wakila njama, siri imekwisha. Ndiyo maana nauona uchaguzi wa wale watatu kuwa na akili kuliko hesabu zenyewe: Danisco na wakulima hawana sababu ya kushirikiana kujiumbua.

Dau lililo wazi lina hatari nyingine pia. Katika mnada wa leseni za masafa ya simu Marekani, miaka ya 1990, kampuni ya simu ya US West ilikuwa ikigombania na kampuni nyingine, McLeod, leseni namba 378, ya Rochester, Minnesota. Ghafla US West ikaivamia McLeod kwenye leseni za Iowa, kwa madau kama dola 313,378. Tarakimu za mwisho zilikuwa onyo: toka kwangu, nami nitatoka kwako. McLeod ikaelewa, ikaacha kushindania Rochester.

Kwetu Afrika Mashariki, bei za zabuni za serikali kwa muda mrefu zimesomwa hadharani mbele ya wazabuni, na hofu iliyo nyuma ya utaratibu huo ni ya kweli: bahasha hubadilishwa, bei hurekebishwa usiku. Ipo hesabu inayoweza kuthibitisha kwamba mshindi ndiye kweli mwenye bei ya chini bila kutaja bei za walioshindwa. Tatizo ni kwamba uthibitisho huo unakaguliwa na programu, na mkandarasi ambaye amewahi kuonewa atauliza kwanza nani aliiandika programu hiyo.