Vifaa vya Kumsaidia Mgonjwa wa Parkinson Kutembea Nyumbani: Maswali na Majibu

Swali: Baba yetu ana ugonjwa wa Parkinson lakini bado anatembea mwenyewe. Je, si mapema mno kumnunulia fimbo?

Jibu: Si mapema. Ugonjwa huu wa ubongo, unaovuruga mwendo wa mwili, huzidi polepole kwa miaka mingi, na mzee anayejifunza kutumia kifaa angali na nguvu hukizoea vizuri kuliko yule anayekabidhiwa akiwa ameshavunjika nyonga. Wazee wengi huiona fimbo kuwa ni kutangaziwa unyonge, kwa hiyo msimlazimishe. Zungumzeni naye, naye achague mwenyewe.

Swali: Urefu wa fimbo hupimwaje?

Jibu: Asimame wima akiwa na viatu vyake vya kila siku, mikono ikining'inia. Mshikio uwe usawa wa mkunjo wa kifundo cha mkono, ili akiushika kiwiko kipinde kidogo. Fimbo fupi humzidishia kuinama, na ugonjwa wenyewe tayari unamwinamisha. Kagueni pia mpira wa nchani: ukilika, ubadilishwe siku hiyo hiyo, kwani kwenye vigae vyenye maji fimbo hiyo itateleza pamoja naye.

Swali: Na fremu ya kutembelea?

Jibu: Fremu isiyo na magurudumu aghalabu haimfai, kwa sababu kuinyanyua kila hatua hukatiza mwendo na kunaweza kumwangusha kinyumenyume. Yenye magurudumu na breki ni bora, ila itamkimbia ikiwa vidole vyake haviwezi kubana breki. Aijaribu mbele ya mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi) kabla hamjalipa.

Swali: Akifika mlangoni miguu yake huganda kana kwamba imegundishwa sakafuni. Tufanye nini?

Jibu: Huo si ukaidi. Ubongo unashindwa kuianzisha hatua, hasa penye mlango mwembamba, kwenye kona, au anapoharakishwa. Bandikeni sakafuni vipande vya utepe vyenye rangi tofauti na sakafu, vikiikata njia yake kama vipandio vya ngazi, kila kimoja umbali wa hatua moja kutoka kingine. Macho yakipata mstari wa kuvuka, mara nyingi mguu huinuka. Akiganda, msimvute mkono wala msimpigie kelele. Mwacheni atulie, ahamishe uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine, kisha apige hatua moja kubwa. Mikeka na mazulia madogo yaondolewe kabisa njiani.

Swali: Chooni je?

Jibu: Juu ya choo cha kuchuchumaa wekeni kiti imara chenye tundu, na ukutani fungeni kwa skrubu vyuma vya kushikia, kwa kuwa sinki na kitundikio cha taulo havibebi uzito wa mtu anayeanguka. Taa ya njia ya chooni iachwe ikiwaka usiku.

Swali: Siku ikifika ya kiti cha magurudumu, tuzingatie nini?

Jibu: Pimeni milango kwanza, maana kiti cha mtu mzima mara nyingi kina upana wa sentimita 60 hadi 70, na familia hununua kiti kizuri kisichoingia bafuni. Njia ya mteremko iwe na urefu wa sentimita 12 kwa kila sentimita 1 ya kimo, yaani ngazi ya sentimita 15 huhitaji sentimita 180. Kiti chenyewe kipimwe kwa mwili wake, kiwe na mto mzuri, naye asaidiwe kubadili mkao mara kwa mara. Kila jioni mkague ngozi ya makalio na visigino, na mkiona wekundu usiofifia, msimkalishe tena juu ya sehemu hiyo, na mumpeleke kituo cha afya kabla haujageuka kidonda.