Prosija si funksheni

Kwa wengi wanaotengeneza mifumo ya mauzo hapa Lubumbashi, msimbo wowote uliowekwa ndani ya hifadhidata huitwa prosija (stored procedure). Jamani, sivyo.

Prosija ni amri za SQL, lugha ya kuzungumza na hifadhidata, zilizopewa jina na kutunzwa ndani ya hifadhidata yenyewe. Programu ya wavuti huiita kwa jina, huipa vigezo, na kazi hufanyika hukohuko kwenye seva ya data. Maana yake inaishia hapo.

Kinachonikera ni kuichanganya na funksheni. Chukua depo ya unga inayouza kwa faranga na kwa dola. Kugeuza bei ya dola iwe faranga ni kazi ya funksheni: hupokea namba, hurudisha namba, nawe unaiweka katikati ya SELECT, amri ya kusoma data, pamoja na safu nyingine. Kufunga hesabu ya siku, yaani kupunguza magunia kwenye stoo na kuandika madeni ya wateja, ndiyo kazi ya prosija. Hiyo haiingii ndani ya SELECT. Huitwa peke yake, kwa amri ya CALL.

Mkanganyiko una chanzo. MySQL, mojawapo ya programu za hifadhidata, ilipata prosija na funksheni katika toleo la 5.0, mwaka 2005. PostgreSQL, nyingine ya aina hiyo, haikuwa na prosija hadi toleo la 11, mwaka 2018. Kabla ya hapo watu waliandika funksheni isiyorudisha kitu, wakaiita kwa SELECT, na mdomoni wakasema prosija. Django, zana ya Python ya kujenga programu za wavuti, nayo ina callproc, njia ya kuita msimbo ulio kwenye hifadhidata, ambayo kwenye PostgreSQL hugeuka kuwa SELECT * FROM. Ukiielekeza kwenye prosija halisi, hifadhidata inakataa na kukuambia utumie CALL. Andika hivi:

cursor.execute("CALL funga_siku(%s)", [depo])

Na tofauti hiyo si ya majina tu. Prosija ya PostgreSQL inaweza kufanya COMMIT, yaani kuthibitisha mabadiliko yabaki, katikati ya kazi, funksheni haiwezi. Lakini ukiiita ndani ya transaction.atomic ya Django, inayofungua muamala (kundi la mabadiliko yanayokubaliwa yote au kukataliwa yote), COMMIT hiyo itakataliwa, kwa sababu tayari kuna muamala uliofunguliwa nje yake.

Basi ndugu yangu, kabla ya kusema prosija imegoma, soma mstari wake wa kwanza. Ukikuta CREATE FUNCTION, iite funksheni, na uitumie kwa SELECT.