Kwa Nini Uvumi Huaminiwa Haraka

Mnamo Oktoba 1, 2016, watafiti wawili na dereva wao, wote wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, waliuawa katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilayani Chamwino mkoani Dodoma, na gari lao likachomwa moto. Walikuwa wamekwenda kuchukua sampuli za udongo, lakini uvumi uliwafanya kuwa wanyonya damu.

Sisi tunaotoa elimu kwa umma hapa Dodoma husikia msiba huo ukielezwa kwa neno moja tu, ujinga, na neno hilo halitoshi. Habari za mumiani, wanaodaiwa kuwavizia watu na kuwanyonya damu ili itengenezewe dawa, zimesimuliwa Afrika Mashariki tangu enzi za ukoloni. Aliyezisikia utotoni, akiona gari geni limesimama kando ya shamba na watu asiowajua wakichimba udongo na kuutia katika mifuko, hana haja ya kutafuta maelezo, kwa kuwa anayo tayari. Yowe nalo lina kanuni yake vijijini: ukilisikia unakimbilia, huulizi kwanza. Desturi hiyo imeokoa watu na mifugo mingi, na ndiyo maana huwa ya hatari kubwa inapouitikia uongo.

Wasomi nao hawana kinga. Fuvu la Piltdown, Uingereza, lililotangazwa London Desemba 1912 kuwa la binadamu wa kale, lilikubaliwa na wataalamu wengi wa Uingereza mpaka mwaka 1953, ilipothibitishwa kwamba taya lake ni la nyani mkubwa wa zama hizi, si la binadamu wa kale, na meno yalikuwa yamesuguliwa kwa makusudi. Wengi wao walitamani sana kwamba babu wa binadamu awe ametokea kwao.

Kurudiwarudiwa kwa jambo pia hulipa sura ya ukweli. Mwaka 1977, Lynn Hasher, David Goldstein na Thomas Toppino wa Marekani waliwapa wanafunzi wa chuo kauli za kweli na za uongo wazipime katika vikao vitatu vilivyopishana kwa wiki mbili, na kauli zilizorudiwa zikazidi kuaminiwa, zikiwemo za uongo. Tangazo bandia la ajira hupita njia hiyohiyo: lina nembo ya Taifa, limetumwa na shemeji, kisha na kundi la kwaya, na kijana aliyekaa miaka mitatu bila kazi hulipokea kwa matumaini kabla hajafika mstari wa mwisho unaomtaka atume fedha za fomu. Maombi yanayopitia Sekretarieti ya Ajira, chombo cha serikali cha ajira za utumishi wa umma, hayalipiwi.

Kwa kuwa uvumi hujaza nafasi iliyoachwa wazi, tunawasihi watumishi wote wanaokwenda vijijini kwa kazi zisizozoeleka waombe mkutano wa kijiji mapema, wawaonyeshe wananchi vifaa vyao, waeleze udongo au maji wanayochukua yanapelekwa wapi, na warudi kuwasomea majibu.