Baba akikana mtoto, kesi haijaisha

Mtaani bado tunaambiana kwamba mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa anasubiri hiari ya baba: akimkana, au akifariki kabla ya kumtambua, basi. Si kweli, na imani hii imewaumiza akina mama wengi.

Tanzania ina Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Inaruhusu mtoto mwenyewe, mzazi, mlezi au ofisa ustawi wa jamii kuiomba mahakama ithibitishe nani ni mzazi. Ombi laweza kupelekwa hata mimba ikiwa bado tumboni. Mzazi akifariki, lipo dirisha la miaka mitatu. Aliyevuka miaka 18 anahitaji kibali maalumu cha mahakama.

Wengi hudhani kipimo cha vinasaba ndicho ushahidi pekee. Hapana. Mahakama hutazama pia jina la mzazi kwenye rejesta ya vizazi, sherehe ya kimila aliyoifanya baba kwa ajili ya mtoto, na kama aliwahi kumtambua hadharani. Kwa hiyo wajomba na majirani walioshuhudia wana uzito mkubwa; wakumbukeni mapema, kabla hawajatawanyika.