Elimu kwa Umma: Namna Tandu wa Udongoni Anavyoainishwa na Kupewa Jina la Kisayansi

Tangu kampeni za kuwahamasisha wananchi kuchunguza viumbe wa udongoni zianze kupata wafuasi, vituo vya makusanyo ya wanyama vimekuwa vikipokea picha nyingi za tandu wembamba na warefu, wa rangi ya manjano au kahawia, zikiambatana na ombi la aina moja: kwamba spishi hii ni mpya na kituo kiithibitishe kwa jina lililopendekezwa na mtumaji. Tunashukuru kwa mwamko huo, na tunaamini kwamba karibu wote wanaoleta maombi hayo wana nia njema. Hata hivyo, malalamiko yanayofuata pale ombi linapokataliwa, hasa dai kwamba wataalamu wanawanyang'anya wananchi ugunduzi wao, yanaonyesha kwamba utaratibu wenyewe haujaeleweka, na makala haya yanalenga kuueleza.

Tandu wanaozungumziwa hapa ni wa oda (kundi kubwa linalojumuisha familia kadhaa) ya Geophilomorpha, mojawapo ya oda tano za tandu walio hai leo, na spishi zake zilizokwisha kupewa majina zinazidi 1,200. Hawana macho hata kidogo, vipapasio vyao vina vipande 14, jozi ya kwanza ya miguu imegeuka kuwa kucha za sumu, na idadi ya jozi za miguu ya kutembelea, ambayo kutegemea spishi huanzia 27 na kufika 191, kwa kawaida huwa witiri. Si nyungunyungu, si jongoo mchanga, na wala si mtoto wa nyoka, ingawa swali hilo la mwisho bado linaulizwa. Jongoo ana jozi mbili za miguu katika pingili nyingi za mwili wake. Tandu ana jozi moja kwa kila pingili. Hatutalirudia jambo hili.

Kinachowasumbua watumaji wengi ni imani kwamba rangi, urefu na mahali alipookotwa tandu vinatosha kumtambulisha. Rangi hubadilika kulingana na umri na hali ya kielelezo, na hupauka mara kielelezo kinapotiwa kwenye alkoholi. Urefu hutegemea umri na namna mnyama alivyojinyoosha wakati wa kufa. Anayeainisha hutazama mambo ambayo hayaonekani bila hadubini: umbo la bamba la kichwa, meno madogo yaliyo kwenye kucha za sumu, mpangilio wa vinyweleo kwenye mdomo wa juu, vitundu vya tezi kwenye mabamba ya tumboni, na hasa idadi na mpangilio wa vitundu vilivyo kwenye kitako cha jozi ya mwisho ya miguu. Mara nyingi sehemu za mdomo hulazimika kutenganishwa moja moja na kuwekwa kwenye kioo cha hadubini, kazi ambayo hufanywa kwa sindano nyembamba na haiwezi kurudiwa ikiharibika. Picha iliyopigwa kutoka juu, hata iwe safi kiasi gani, haionyeshi lolote kati ya hayo yaliyo upande wa chini.

Idadi ya miguu inastahili maelezo marefu zaidi, kwa sababu ndiyo hoja inayoletwa mara nyingi kama ushahidi wa spishi mpya. Tofauti na tandu wa mawe wa oda ya Lithobiomorpha, ambao hutoka kwenye yai wakiwa na miguu pungufu na kuiongeza hadi kufikia jozi 15, tandu wa udongoni huanza maisha nje ya yai akiwa na pingili zake zote, na hataongeza nyingine. Kwa hiyo ni kweli kwamba hesabu ya miguu haitegemei umri, na kweli pia kwamba ni alama yenye thamani. Lakini thamani hiyo hailingani katika familia zote. Katika familia ya Mecistocephalidae, spishi nyingi zina idadi moja isiyobadilika, dume kwa jike. Kwingineko idadi hutofautiana ndani ya spishi moja, na jike kwa kawaida humzidi dume kwa jozi chache. Mtu anayeleta tandu wawili, mmoja akiwa na jozi 49 na mwingine 51, na kusisitiza kwamba ni spishi mbili, huenda ameleta mume na mke.

Mfano mzuri ni Strigamia maritima, tandu anayeishi chini ya mawe na kokoto kwenye fukwe za bahari za Ulaya. Katika spishi hiyo moja, jamii za kusini huwa na pingili nyingi kidogo kuliko za kaskazini, na utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba mayai yanayokua katika joto la juu zaidi hutoa tandu wenye pingili zaidi. Spishi haikubadilika, kilichobadilika ni joto la mahali pa kukulia. Kwa upande mwingine, hesabu hiyohiyo ya miguu iliwahi kufichua spishi ambayo ilikuwa mbele ya macho ya wataalamu kwa muda mrefu. Geophilus carpophagus, aliyepewa jina na mtaalamu wa wanyama wa Uingereza, William Leach, mwaka 1815, alijulikana kuwa na namna mbili huko Uingereza, moja ikiwa na pingili nyingi na nyingine pungufu. Mwaka 2001 watafiti walilinganisha hesabu za pingili pamoja na tofauti za vimeng'enya, wakakuta kwamba namna hizo mbili hazichanganyiki kizazi, na ile yenye pingili pungufu ikaitwa Geophilus easoni, kwa heshima ya Edward Eason, mtaalamu wa tandu wa Uingereza. Msomaji atambue kwamba hawakutegemea hesabu peke yake. Walihesabu vielelezo vingi, wa kike na wa kiume, kisha wakatafuta ushahidi wa pili usiotegemea ule wa kwanza.

Juu ya ngazi ya spishi mambo hayajatulia, na hatuoni sababu ya kuficha jambo hilo. Strigamia, jenasi (kundi la spishi zenye nasaba ya karibu) ya tandu wa fukweni tuliyemtaja, kwa miaka mingi ilihesabiwa katika familia ya Linotaeniidae. Uchambuzi wa nasaba uliochapishwa mwaka 2014, uliounganisha maumbile na vinasaba, uliiweka ndani ya familia pana ya Geophilidae. Kibandiko cha zamani chenye jina la familia ya awali si kosa la mtunza makusanyo, na hakuna haja ya kutuandikia barua kulihusu.

Sasa kuhusu jina. Majina ya kisayansi ya wanyama husimamiwa na Kanuni za Kimataifa za Majina ya Wanyama, ambazo toleo lake la nne lilianza kutumika tarehe 1 Januari 2000, chini ya Tume ya Kimataifa ya Majina ya Wanyama iliyoundwa mwaka 1895. Mwanzo wa hesabu ni tarehe 1 Januari 1758, siku ambayo toleo la kumi la Systema Naturae, kitabu cha uainishaji cha mwanasayansi wa Sweden, Linnaeus, linachukuliwa kuwa lilichapishwa. Kati ya majina mawili ya mnyama mmoja, lililotangulia kuchapishwa kwa kufuata masharti ndilo linaloshinda. Hapa ndipo lawama dhidi ya wataalamu kwamba hubadilisha majina kiholela zinapoanzia, na kwa kweli lawama hizo zinachosha, kwa kuwa mara nyingi mabadiliko hayo hutokana na kanuni kufuatwa kama ilivyoandikwa.

Chukua tandu wa manjano wa kawaida wa udongo wa Ulaya. Mwaka 1778 De Geer, mtaalamu wa wadudu wa Sweden, alimwita Scolopendra flava, kwa sababu wakati huo tandu karibu wote waliwekwa katika jenasi moja ya Scolopendra. Leach, bila kumtambua kuwa ni yuleyule, alimwita Geophilus longicornis mwaka 1815. Mwaka 1842 mtaalamu mwingine wa Uingereza, Newport, aliunda jenasi ya Necrophloeophagus, na vitabu vingi vya karne ya ishirini vilimtaja mnyama huyu chini ya jenasi hiyo, mara kwa jina la Leach, mara kwa jina la De Geer. Leo huandikwa Geophilus flavus (De Geer, 1778). Jina la De Geer limeshinda kwa kutangulia, na la Leach limebaki kuwa kisawe. Herufi za mwisho zimebadilika kutoka flava hadi flavus ili kupatana na jinsia ya jina la jenasi katika Kilatini. Mabano yanayozunguka jina la De Geer yanaonyesha kwamba yeye aliiweka spishi katika jenasi nyingine. Si pambo, na wanaoyafuta wakidhani wanasafisha maandishi wanafuta taarifa. Geophilus electricus (Linnaeus, 1758), ambaye alianza kama Scolopendra electrica, ana mabano kwa sababu hiyohiyo.

Kuna mlango mmoja wa kulinusuru jina changa lililozoeleka. Ikiwa jina kongwe halikutumika kama jina halali baada ya mwaka 1899, na jina changa limetumika katika kazi zisizopungua 25, zilizoandikwa na waandishi wasiopungua 10, ndani ya miaka 50 iliyotangulia na katika kipindi kisichopungua miaka 10, basi jina changa linaweza kulindwa. Masharti yote mawili lazima yatimie na yaonyeshwe kwa maandishi. Umaarufu wa jina mitandaoni hauhesabiwi.

Kwa anayetaka kutangaza spishi mpya leo, masharti ni haya. Jina liandikwe kwa herufi za Kilatini na lichapishwe katika kazi iliyotolewa kwa umma kama kumbukumbu ya kudumu ya kisayansi. Tangu mwaka 1931 jina lazima liambatane na maelezo ya maneno yanayotaja sifa zinazoitofautisha spishi hiyo, au rejeo la maelezo hayo. Tangu mwaka 2000 ni lazima itamkwe wazi kwamba jina ni jipya, kielelezo kitakachobeba jina hilo daima kitajwe, kwa kawaida kimoja kiitwacho holotaipu, na makusanyo kitakapohifadhiwa yatajwe pamoja na mahali yalipo. Kazi ya kielektroniki inakubalika kama imetolewa baada ya mwaka 2011, imesajiliwa katika ZooBank, rejista rasmi ya mtandaoni ya majina ya wanyama, kabla ya kuchapishwa, ina tarehe ya kuchapishwa na ushahidi wa usajili ndani yake, na usajili huo unataja hifadhi ya kudumu ya nakala pamoja na namba ya kitabu au ya jarida. Pungufu ya sharti moja ni pungufu.

Wapo wanaouliza adhabu ni ipi. Tume haitozi faini wala haimfikishi mtu mahakamani. Adhabu ni kwamba jina lililokosa masharti halipo kwa mujibu wa Kanuni: halishindani na jina lolote, halimpi mtangazaji haki ya kutangulia, na mtu mwingine anayefuata masharti mwezi ujao anaweza kumwita mnyama yuleyule kwa jina tofauti na kuhesabiwa kuwa ndiye mwandishi wake. Hii ndiyo hasara tunayojaribu kuwaepusha watumaji tunapokataa kuthibitisha jina kwa barua pepe, na si hila ya kuwanyima sifa. Mwandishi wa jina ni aliyechapisha maelezo, si aliyemwokota tandu. Aliyemwokota anaweza kushirikishwa katika uandishi kama ameshiriki kazi, au kuheshimiwa kwa jina la spishi, likiishia kwa -i akiwa mwanamume au -ae akiwa mwanamke. Uhuru wa kuchagua ni mkubwa: tandu wa mapangoni aliyefafanuliwa mwaka 1999 kutoka Ufaransa aliitwa Geophilus persephones, na mwenzake wa mapango ya milima ya Velebit huko Kroatia akaitwa Geophilus hadesi mwaka 2015, mke na mume watawala wa kuzimu katika visa vya Wagiriki. Kujiita mwenyewe hakukatazwi na Kanuni, lakini tunashauri kwa dhati jambo hilo lisifanyike.

Tumeulizwa pia kama picha inaweza kuwa holotaipu. Kanuni hazifungi mlango huo kabisa, kwa sababu kielelezo kilichoonyeshwa kwenye picha kinaweza kuhesabiwa kuwa ndicho holotaipu hata kama kimepotea, na mwaka 2017 Tume ilitoa tamko la kuwataka wanaofanya hivyo wajieleze kwa kina. Kwa ndege au tumbili adimu suala hilo lina nafasi ya mjadala. Kwa tandu ambaye utambulisho wake umo katika vitundu vya upande wa chini wa mwili, halina.

Kielelezo kinacholetwa kiwe kizima, kichwa na miguu ya mwisho ikiwa salama, katika ethanoli ya asilimia 70 kwa uchunguzi wa maumbile. Kama vinasaba vitahitajika, itumike yenye asilimia 95 au zaidi. Kibandiko kiandikwe kwa penseli au wino usioyeyuka na kiwekwe ndani ya chupa, kikitaja mahali, tarehe, mazingira na jina la mkusanyaji. Vielelezo vinavyovuka mipaka vinahitaji vibali vya nchi vilikotoka, na pale Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa kuhusu kupata rasilimali za kijenetiki na kugawana manufaa yake, iliyoanza kutumika tarehe 12 Oktoba 2014, inapohusika, ridhaa na makubaliano ya kugawana manufaa viwepo kabla ya kukusanya, si baada. Kituo hakiwezi kupokea kielelezo kisicho na nyaraka hizo, hata kama mletaji anatueleza kwamba ni mdudu mdogo tu, kwani sheria nyingi hazipimi ukubwa wa mnyama, na kielelezo kinaweza kutaifishwa pamoja na utafiti wote uliojengwa juu yake.

Waliokwisha kubandika majina mapya chini ya picha zao mitandaoni wanaombwa kuyaondoa na kuandika jina la jenasi likifuatiwa na "sp.", yaani spishi ambayo haijatambuliwa, au jina la oda peke yake pale ambapo hata jenasi haijathibitishwa chini ya hadubini.