Msumari kwenye mndimu: dhana potofu kuhusu chuma na mimea

Mndimu uliopandwa uani mwa nyumba ya mawe mjini Lamu una maradhi yake yanayojulikana. Majani ya zamani yamekoza kijani, lakini machipukizi yanatoka ya njano, na mishipa peke yake ndiyo iliyobaki na rangi yake. Majirani hawakosi la kusema. Mmoja atakwambia mti una kiu, wa pili atasema umepatwa na jicho la hasidi, wa tatu atakuja na msumari na nyundo. Huyu wa tatu ndiye aliye karibu na ukweli, maana angalau kagusia chuma. Dawa yake ndiyo haifai.

Dhana: mti umekosa chuma kwa sababu udongo hauna chuma

Chuma ni kama asilimia 5 ya uzito wa gamba la dunia. Ni elementi ya nne kwa wingi, baada ya oksijeni, silikoni na alumini. Ni nadra kupata udongo usio nacho. Kasoro iko kwenye hali yake: penye hewa, chuma hushikana na oksijeni kikawa kutu, na kutu haiyeyuki majini. Udongo ukiwa na asidi kidogo, kiasi fulani huyeyuka. Lakini kila pH, yaani kipimo cha asidi ambacho kikipanda asidi hupungua, inapopanda kwa nambari moja, chuma kinachoweza kuyeyuka hubaki sehemu moja kwa elfu ya kilichokuwapo.

Sasa tazama Lamu. Nyumba zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kila ukarabati unamwaga kifusi palepale unapotaka kupanda mti. Udongo wenye chokaa namna hiyo mara nyingi una pH ya 7.5 hadi 8.5. Mndimu umesimama juu ya chuma tele, kama mtu wa kisiwani aliyezungukwa na bahari pande zote na bado anatafuta maji ya kunywa.

Huko Malindi wana imani yao nyingine, kwamba udongo ukiwa mwekundu basi mimea imeshapata chuma cha kutosha. Wekundu wa majabali ya Marafa, na wa tope ambalo mto Sabaki unalimwaga baharini wakati wa mvua, kweli unatokana na oksidi za chuma. Lakini rangi inathibitisha tu kwamba chuma kipo. Udongo mwekundu usio na chokaa kwa kawaida haunyimi mimea chuma. Uchanganye na vifusi vya matumbawe, uone kama wekundu huo utausaidia mpapai.

Dhana: pigilia msumari shinani, mti utapata chuma

Msumari ndani ya shina unashika kutu, na kutu hiyo ndiyo ileile isiyoyeyuka. Mti nao unaanza kulifunika jeraha, na kabla halijafunikwa kuvu wanaweza kuingia. Kuufukia msumari mchangani hakusaidii zaidi. Kama misumari ingetosha, miti iliyo karibu na mafundi wa majahazi isingejua njano.

Dhana: mizizi hunyonya tu chochote kilichomo majini

Hapa ndipo watu wanapoidhulumu mimea, maana kazi inayofanywa na mzizi kupata chuma ni ya kustaajabisha.

Mndimu, mwembe, mpapai, kunde, na hata mnazi, hufuata njia moja. Kwanza mzizi husukuma nje ayoni za hidrojeni ili kutia asidi kwenye udongo unaougusa. Pili, kimeng'enya kilicho kwenye ngozi ya mzizi hukiongezea chuma elektroni moja, kikatoka kwenye hali isiyopitika kikawa katika hali inayopitika. Tatu, protini iitwayo IRT1 hukivusha kuingia ndani. Protini hiyo ilitambuliwa mwaka 1996 katika Arabidopsis, kimmea kidogo kinachopendwa na maabara. Chokaa huharibu kazi hii tangu hatua ya kwanza: asidi yote inayotolewa na mzizi inazimwa na bikaboneti itokanayo na chokaa, ile inayoacha ukoko mweupe ndani ya birika la chai. Ndiyo maana kumwagia mti maji mengi ya kisima cha matumbawe kunaweza kuuzidishia njano, huku mwenye mti akidhani anautibu.

Jamii ya nyasi, yaani mahindi, mtama, muwa na shayiri, hupita njia nyingine kabisa. Hutoa asidi za mugineiki, ambazo hutoka kwenye mzizi, zikakishika chuma kilekile cha kutu, kisha mzizi ukazivuta zirudi ndani na mzigo wake. Wajapani ndio waliozigundua, katika miaka ya 1970. Shayiri huzitoa kwa wingi saa chache baada ya jua kuchomoza, kisha hupunguza. Njia hii haitegemei sana asidi, kwa hiyo nyasi nyingi huvumilia chokaa kuliko mndimu. Mpunga una namna zote mbili. Na kuna jambo limeonekana kwenye mashamba ya chokaa huko China: karanga zikipandwa pamoja na mahindi hupungua njano, kwa kuwa zinafaidi chuma kilichofunguliwa na jirani. Mkulima wa bara ya Malindi anayechanganya mazao shamba moja si mvivu wa kupanga mistari, kama maafisa wengine wanavyomsema.

Dhana: chuma hakizidi

Kinazidi, na kikizidi kinaua. Chuma kilicho huru ndani ya seli hugusana na peroksidi ya hidrojeni, wakazaa kemikali kali zinazochoma utando wa seli na hata vinasaba. Mpunga kwenye maji yaliyosimama, juu ya udongo wenye asidi, hupata chuma kingi mno hadi majani yakawa na madoa ya rangi ya shaba. Kwa sababu hiyo mmea hukihifadhi chuma ndani ya feritini, protini ambayo tumbo lake moja hubeba hadi atomi 4,500 hivi.

Na mzizi haujiamulii peke yake. Kuna njegere zenye hitilafu ya kurithi ambazo hazijui kusema basi. Huendelea kuvuta chuma hadi majani yanakauka. Watafiti walichukua sehemu ya juu ya njegere kama hizo wakaipandikiza kwenye mizizi mizima, na mizizi hiyo mizima nayo ikaanza ulafi. Amri, kumbe, inatoka juu. Isitoshe, IRT1 si makini sana: hupitisha pia zinki, manganisi na hata kadimiamu, metali yenye sumu. Hizo zikikithiri, mmea huiondoa IRT1 kwenye ngozi ya mzizi na kuivunja.

Dhana: kijani cha jani ni chuma

Hapana. Katikati ya klorofili mna magnesiamu. Chuma kinahitajika katika kuitengeneza.

Dhana: njano ni njano, tia majivu

Angalia njano imeanzia wapi. Nitrojeni ikipungua, majani ya chini ndiyo hutangulia, kwa sababu mmea huihamisha kupeleka juu. Chuma hakihamishiki kwa urahisi, kwa hiyo wanaoumia ni majani machanga. Majivu ya jikoni hupandisha pH, na mndimu wa Lamu haukuhitaji hilo. Wala usitegemee sana kupima jani maabara: kwenye chokaa, jani la njano wakati mwingine hukutwa na chuma kingi sawa na la kijani, ila kimekwama pasipofaa.

Kinachosaidia ni kutoa kifusi shimoni na kutia samadi iliyooza vizuri. Lamu haina uhaba wa punda, na mboji hukishika chuma kikabaki kwenye hali ya kunyonyeka. Salfeti ya chuma ukiimwaga kwenye chokaa hugeuka kutu upesi. Ukiipulizia majani, iliyozimuliwa sana, yatakuwa kijani yale tu yaliyoguswa. Ukienda duka la pembejeo kununua mbolea ya chuma, soma herufi kwenye pakiti, maana hutaja kemikali inayokishika chuma kisigeuke kutu. EDTA haishiki kwenye chokaa; ulizia EDDHA, unga mwekundu unaobaki imara hata pH ikipita 8. Ni ghali, na jua huuharibu, basi umwage jioni, uufukie kidogo, na uuweke mbali na ukuta uliopakwa chokaa nyeupe, usije ukautia madoa.